Bukta ya Ingrid

Kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Kahama, Mageni alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji bombani, na ameshamsaidia shangazi yake kufunga vikapu vya michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na ndiyo iliyowalisha na kuwavisha wawili hao. Shangazi Paskazia aliibeba kichwani hadi sokoni, kikapu juu ya kikapu, na kila jioni alirudi akijikanda shingo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane," shangazi alimjibu. Neno hilo la Kisukuma maana yake ni mwanangu, na kila alipolisema alitazama kando.

Haikuwa nyumba ya shida. Chakula kilikuwapo na paa halikuvuja. Lakini ilikuwa nyumba ya kimya. Binti pekee wa shangazi, Scolastika, alifariki miaka miwili kabla ya hapo, naye Mageni akaletwa kutoka kwa wazazi wake, wakulima wa tumbaku kule Ushetu, ili shangazi asibaki peke yake. Tangu afike, hakuwahi kusikia jina la Scolastika likitajwa humo ndani. Hakuambiwa alikufa kwa ugonjwa gani, wala hakuthubutu kuuliza. Wakati mwingine shangazi alisimama katikati ya kazi, kisu mkononi, akautazama mlango kana kwamba kuna mtu amechelewa kurudi. Mageni alipomwona hivyo, mwili ulimsisimka.

Jambo moja alilikumbuka vizuri kuhusu msiba ule. Siku ya kuanua matanga, nguo za Scolastika zilitolewa nje, wazee wa ukoo wakazigawa moja baada ya nyingine. Mageni alipewa gauni la kijani. Babu mmoja alimwinamia akamwambia, "Nguo ya marehemu hupewa na ukoo. Ukijichukulia mwenyewe, marehemu atakuja kuiulizia." Maneno hayo yalimkaa Mageni moyoni kuliko hata gauni lenyewe.

Mwaka huo, 1996, Mageni akiwa darasa la sita, ziliandaliwa mbio za baiskeli za wasichana wa shule za msingi. Hazikuwa mbio za barabarani. Njia ilitoka nje ya mji, ikapanda kilima cha mawe makubwa kwa kichochoro walichopita wachimbaji wadogo wa dhahabu na viroba vyao, kisha ikateremka upande wa pili. Zawadi ya mshindi ilikuwa baiskeli mpya yenye keria ya kubebea mizigo nyuma. Mageni alipoisikia keria hiyo, aliviona vikapu vya shangazi vimefungwa juu yake kwa mpira, na shangazi akitembea kando, shingo imepumzika. Kuanzia hapo hakulala vizuri kwa hamu ya kushinda.

Mama Zahid, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, ndiye aliyejitolea kumsaidia msichana mmoja wa shule yao. Jina lake hasa lilikuwa Parvin, lakini mji mzima ulimwita kwa jina la mwanawe. Alikuwa na baiskeli ya gia, yenye matairi manene ya kupandia milima, aliyoiacha Mzungu mmoja mtafiti wa madini aliporudi kwao. Katika majaribio Mageni alimshinda rafiki yake Nelly kwa urefu wa tairi tu. Mama Zahid akatoa uamuzi wake bila kuzunguka: "Mageni ataendesha. Akishindwa kwa sababu yoyote, Nelly atashika nafasi yake." Nelly alitabasamu. Mageni alitabasamu pia, ila hilo "akishindwa" lilimchoma.

Mazoezi yakaanza. Kiti cha ile baiskeli kilikuwa chembamba na kigumu, na kichochoro cha wachimbaji kilijaa mawe. Wiki ya kwanza haijaisha, Mageni alikuwa akitembea ametanua miguu. Mama Zahid alimwona kutoka nyuma ya meza ya duka, akacheka.

"Njoo hapa, bingwa. Kiti kimekuadhibu, sivyo? Zahid wangu alipokuwa anashindana Mwanza alilia hivyohivyo. Unahitaji bukta ya ndani, ile yenye sponji. Nenda mnadani, kwenye nguo za mitumba, zipo. Lakini usichague kwa rangi. Igeuze, ndani iwe nje. Iminye sponji kwa kidole. Ikirudi juu ni nzima, ikibaki imebonyea imechoka. Angalia mshono usipite katikati unapokalia. Halafu ikubane kweli. Ikilegea itajikunja, na mkunjo ndio unaochuna ngozi. Juu yake utavaa sketi yako, wala hakuna atakayejua."

Kisha akamvuta Mageni nyuma ya rafu za minyororo, akapunguza sauti. "Hili ni la wanawake. Ndani ya bukta hiyo usivae kitu. Ikae kwenye ngozi yako yenyewe, ndivyo ilivyoshonwa. Na kila ukiivua, ifue kwa sabuni, ianike juani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama Zahid," Mageni alijibu akitazama vidole vya miguu.

Mnadani walikwenda watatu: Mageni, Nelly na shangazi. Upande mmoja ng'ombe walikuwa wakilia na kupandishwa kwenye malori. Upande wa pili nguo zilimwagwa juu ya maturubai, na wauzaji walisimama katikati ya marundo wakizirusha hewani. Nguo hizo watu waliziita kafa Ulaya, kwa kuwa wengi waliamini ni za Wazungu waliokufa. Muuzaji mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa hodari wa kuita wateja.

"Kafa Ulaya! Kafa Ulaya! Chagua mama, chagua dada! Mwenyewe kafa, hadai!"

Watu wakacheka. Mageni hakucheka. Alipiga magoti akachakura, akapata bukta tatu zenye sponji. Ya kwanza ilikuwa nyekundu na ya kupendeza, lakini alipoiminya ilibaki imebonyea. Ya pili ilikuwa pana, wangeingia yeye na Nelly pamoja. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imebana, sponji yake inarudi juu, mshono umepita pembeni. Ilikuwa hasa ile aliyoelezwa. Akaigeuza ili aikague ndani, na kwenye kitambaa cheupe cha kiunoni akakuta mtu ameandika kwa kalamu ya wino: INGRID.

"Eti Ingrid!" Nelly akasema. "Ndiye mwenyewe huyo. Maskini, alikuwa mwembamba kama wewe."

"Umepata?" shangazi aliuliza.

Mageni alitaka kusema hapana. Akaikumbuka keria. "Nimepata, Shangazi."

Njia nzima ya kurudi aliibeba kwa ncha za vidole. Nguo nyingine za mitumba alizowahi kuvaa hazikuwa na jina. Hii ilikuwa na mwenyewe. Alimwona akilini: msichana mwembamba mwenye nywele za njano, anapanda mlima wa kwao kwa baiskeli, halafu anakufa. Ukoo wake ulikuwa wapi siku ya kuanua matanga? Nani alimgawia Mageni bukta hii? Hakuna. Alikuwa amejichukulia mwenyewe kwenye turubai.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakuna aliyelijua. Aliona kwamba nguo ya Ingrid isipogusa ngozi yake, labda Ingrid hatakuwa na la kuulizia. Basi ndani ya bukta akavaa chupi mbili, moja juu ya nyingine, zenye mipira minene. Na kwa kuwa hakutaka bukta hiyo ilale ndani ya nyumba, nyumba ambayo tayari ilikuwa na marehemu wake, kila baada ya mazoezi aliikunja ikiwa imelowa jasho, akaificha chini ya jiwe nyuma ya choo. Kuifua ilimaanisha kuianika, na kuianika ilimaanisha shangazi kulisoma jina lile na kuuliza. Hivyo hakuifua hata mara moja.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Mipira ya chupi ilijikunja chini ya sponji ikamkata kila alipozungusha pedali. Ngozi ikachubuka, kisha ikawa vidonda, na vidonda vikaanza kutoa majimaji. Mtoto mwingine angesema, "Nimechubuka." Mageni hakusema hivyo, hata kimoyomoyo. Alisema, "Ingrid ananiuma."

Na hakuwa akiuma tu. Mageni alipofika kileleni, akaacha kupiga pedali ili ateremke, alisikia baiskeli nyingine nyuma yake. Tik-tik-tik-tik. Aligeuka. Hapakuwa na mtu, ni mawe tu, makubwa, ya kimya, na kivuli kati yake. Akapiga pedali kwa nguvu, ile sauti ikanyamaza. Akaacha tena, nayo ikaanza tena, karibu zaidi. Aliteremka kilima kile roho mkononi, machozi yakimkauka usoni kwa upepo.

"Mbona unaendesha umekaa upande?" Nelly alimwuliza.

"Ya kwangu niachie mwenyewe! Unaitaka nafasi yangu?"

Nelly aliumia, akaondoka zake. Mama Zahid naye aliuliza, "Bukta inasemaje? Unaivaa kama nilivyokwambia?" Mageni akamjibu, "Ndiyo, Mama Zahid, haina shida." Ulikuwa uongo mtupu, na aliutamka bila kupepesa jicho. Nyumbani shangazi alimwuliza kama anaumwa, akajibu haumwi. Alijua akisema ukweli, nafasi ingekwenda kwa Nelly na keria ingemponyoka. Tena, angeanzia wapi kumweleza shangazi habari za marehemu, katika nyumba ambayo marehemu hatajwi?

Akajikaza kisabuni. Lakini mwili una kauli yake. Uvimbe ukamtokea kwenye kinena, ule uitwao mtoki, na homa ikaanza kumpanda mchana. Kwenye jua kali alisikia baridi. Darasani alikalia ukingo wa benchi. Akiwa na homa, aliusikia ule mlio wa tik-tik hata alipokuwa mbali na kilima, na mara mbili alidhani amemwona mtu mwembamba amesimama mlangoni.

Jumamosi moja, ikiwa imebaki wiki moja tu kabla ya mbio, shangazi aliandaa ugali na mlenda, akatandika mkeka.

"Kaa tule."

"Nitakula nimesimama, Shangazi. Miguu imechoka kukaa."

Shangazi aliushusha mkono uliokuwa na tonge. Alimtazama Mageni kuanzia usoni hadi miguuni, taratibu, na rangi ikamtoka. Mageni hakuwahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile.

"Mageni, ng'wanawane. Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Shan..."

"Usinijibu hivyo!" Shangazi alisimama ghafla, sahani ikapinduka. "Usinijibu hivyo katika nyumba hii! Nakuuliza mara ya pili, na nitakuuliza mpaka kesho. Unaumwa wapi?"

Mageni akaangua kilio. Yakatoka yote kwa pamoja: vidonda, chupi mbili, jiwe nyuma ya choo, jina la Ingrid, baiskeli isiyoonekana inayomfuata mlimani. Alitegemea kupigwa, au kuchekwa. Shangazi hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kanga, akamfunga Mageni mabegani, wakashika njia ya zahanati mlenda ukiwa bado wa moto.

Muuguzi Serafina aliwapokea. Alimlaza Mageni nyuma ya pazia, akavitazama vidonda, akaguna. Kabla hajasema neno, shangazi akamwambia, "Mchome na sindano ya pepopunda. Tafadhali, Sista. Usiisahau hiyo." Muuguzi akamwangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Vidonda vilisafishwa. Viliwaka moto, na Mageni alikishika kidole cha shangazi akiwa ameuma meno. Alichomwa sindano, akapewa vidonge. Muuguzi alipokwisha nawa mikono, akasimama mbele yake.

"Sikiliza, binti. Hakuna aliyekuuma. Mipira ya chupi zako imekuchuna, jasho likaingia, na ile bukta chafu yenye unyevu imejaa vijidudu. Kila siku umekuwa ukivirudisha mwenyewe kwenye kidonda. Ungesubiri zaidi, sumu ingeingia kwenye damu, na hapo hata mimi ningekuwa sina la kukusaidia. Baiskeli marufuku mpaka nikuruhusu. Na bukta ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja, usimwazime yeyote."

"Na mbio, Sista?"

"Mbio zitakwenda bila wewe."

Jumatatu shangazi alimpeleka dukani aseme mwenyewe. Haikuwa rahisi. Mageni alisimama mbele ya Mama Zahid, akakiri kwamba alimdanganya, kisha akamgeukia Nelly, aliyekuwa pale dukani, na kumwomba radhi kwa maneno makali aliyomtupia. Nelly alimfuta machozi kwa kiganja, akasema, "Mjinga wewe, ungeniambia." Mama Zahid aliposikia habari ya mlio wa mlimani, alikwenda kuiinua baiskeli ya gia, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono.

Tik-tik-tik-tik.

Mageni akaruka nyuma.

"Ni friwili, mwanangu," Mama Zahid alisema kwa upole. "Hiki chuma hapa katikati ya gurudumu. Ukipiga pedali kinanyamaza, ukiacha kinalia. Cha baiskeli hii kina mlio mkali, na kule juu mawe yanaurudisha. Ulikuwa unajikimbia mwenyewe. Nawe ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuonyesha siku ya kwanza."

Siku ya mbio, watu walijaa pande zote za kichochoro. Mageni alisimama na shangazi penye kona, chini ya kilele. Vidonda vilikuwa vinakauka, lakini bado hakuweza kukaa bila mto. Wasichana wakapita wakihema, vumbi likipanda. Nelly alikuwa wa nne, meno nje, akijitahidi kadiri ya nguvu zake, lakini wa kwanza alikuwa amemwacha mbali. Mageni alimshangilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akageukia jiwe, akalia.

"Nilitaka ile baiskeli iwe yako, Shangazi. Shingo yako ipumzike."

Shangazi aliukunja mto waliokuja nao, akauweka juu ya jiwe, akamkalisha Mageni, naye akaketi kando yake. Alipoanza kusema, alitazama mbele, sauti yake ikawa ya chini.

"Scolastika alikanyaga msumari."

Lilikuwa jina ambalo Mageni hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakusogea.

"Alikuwa amechaguliwa kucheza netiboli ya wilaya. Aliogopa ataachwa, basi akaufunga mguu kwa kitambaa, akavaa soksi. Nilimwona anachechemea, nikamwuliza, akaniambia, 'Sina kitu, Mama.' Wiki iliyofuata taya zikakaza. Hakuweza hata kumeza maji. Pepopunda, walisema hospitalini, na walisema tumechelewa." Alivuta pumzi. "Watu wakaniambia karogwa. Wengine wakasema mizimu. Mimi nikafunga mdomo. Nikadhani nikinyamaza, maumivu yatakwisha. Kumbe nimekufundisha na wewe kunyamaza."

Mageni aliweka mkono wake juu ya mkono wa shangazi.

"Marehemu hawa hawana ubaya nasi, Mageni. Yule Ingrid, kama alikufa au yu hai kwao na amenenepa tu, hakukufanya lolote. Kilichotaka kukuua ni kidonda ulichokificha na uongo ulioufunika. Baiskeli hizi zinatengenezwa kila siku, wewe hutengenezwi tena. Basi nisikie. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Ukiogopa, sema pia, hata kama unaona ni upuuzi. Mimi sitakucheka, na sitakuwa na haraka ya kwenda sokoni. Sina mtoto mwingine wa kumzika."

"Nimesikia, Shangazi," Mageni alisema. Safari hii alimtazama machoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa aseme, akasema. "Nilikuwa namwogopa Scolastika. Simjui. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Shangazi alishtuka. Midomo yake ikacheza, na Mageni alidhani atalia. Badala yake kitu kama kicheko kikamtoka, kifupi, kilichosahau njia.

"Hakujua kuimba kabisa," alisema. "Lakini aliimba kutwa nzima, tena kwa sauti, mpaka majirani wakaja kulalamika. Siku moja kanisani mwalimu wa kwaya alimwomba afungue mdomo tu, asitoe sauti..."

Wa mwisho katika mbio alipita akitembea, baiskeli akiisukuma, watu wakaanza kutawanyika kurudi mjini. Wao walibaki juu ya jiwe, na shangazi alikuwa bado anasimulia.